Umri wa Bi Mbeyu na Kitufe Chekundu

Jumatatu, 1 Septemba

Msiba! Wameniwekea kompyuta kwenye dirisha langu la dawa.

Miaka kumi na tisa niko hospitali hii. Katika miaka hiyo, kutoka Likoni mpaka Lunga Lunga, hakuna mfamasia aliyeweza kuusoma mwandiko wa Daktari Kache isipokuwa mimi, Swabir. Hati yake ni nyayo za kaa mchangani. Mara mbili ameniletea cheti chake mwenyewe akaniuliza kaandika nini. Nikamwambia. Akanishukuru. Hiyo ndiyo heshima!

Sasa anachapa kwake juu, na dawa zinatokea kwangu chini, zimenyooka kama askari kwenye gwaride. Hata paka wa jikoni anaweza kuzisoma.

Mleta balaa ni Hannah, binti wa Nyahururu, ofisa wetu mpya wa kumbukumbu. Kanieleza kwa Kiswahili chake cha bara kwamba kazi yangu haiishi, inakua. Eti nitaliona faili zima la mgonjwa: maradhi ya zamani, majibu ya maabara, dawa alizokwisha kutumia. Nisome, nipime, nizungumze na mgonjwa. Nikamwambia nazungumza nao kila siku. Akauliza nawaambia nini.

"Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Anayefuata!"

Hakucheka. Nimeamua. Mashine hii itaondoka kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 2 Septemba

Mpango: mgomo wa kidole. Nilichapa kwa kidole kimoja tu, tena cha mkono wa kushoto. Foleni itarefuka, watu watakasirika, karatasi zitarudi. Mpango hauna tundu.

Kufikia saa tano foleni ilikuwa imetoka nje ya lango, imempita mama wa mihogo. Watu wakakasirika barabara. Ila walinikasirikia mimi! Kiongozi wao Bi Mbeyu wa Munje, muimbaji wa maharusini, sauti yake haihitaji kipaza sauti. Akagonga kioo kwa pete.

"Babu, kama macho yamechoka, si uwapishe vijana?"

Babu! Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nilipokuwa nikivaa kaptula ya shule, yeye alikuwa akioza watoto. Nikamjibu kwa adabu kwamba yeye ni mkubwa wangu. Akaigeukia foleni na kutangaza kwamba amezaliwa mwaka wa sabini na tano. Foleni ikamwamini!

Hannah akaja, akakaa kwenye kiti changu, akachapa kwa vidole kumi huku mimi nikitoa vidonge. Nusu saa, foleni imekwisha. Akapigiwa vigelegele.

Nyumbani mke wangu Twaiba kauliza mbona nimenuna. Nikamsimulia yote. Akasema miwani inapatikana Ukunda.

Jumatano, 3 Septemba

Nilikuwa mjinga. Mashine hii ni neema!

Asubuhi Hannah kanionyesha kitufe chekundu. Nikiona dawa haimfai mgonjwa, "hii kitu unabonyeza tu, inarudi kwa daktari." Kitu hiki, nikamsahihisha. Lakini mimi, kumrudishia daktari! Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kupokea tu.

Hadi adhuhuri nilikuwa nimerudisha thelathini na moja. Kila moja na sababu yake. "Mgonjwa anaonekana mzima." "Dawa hii ni chungu." "Nilimwona huyu jana sokoni akicheka." Na moja, ninayojivunia: "Tafadhali anza kwa salamu."

Saa saba Daktari Kache akashuka mwenyewe. Ni mama wa Kigiriama mwenye sauti ndogo, na inapozidi kuwa ndogo ndipo watu hukimbia. Leo ilikuwa ndogo kama ya mbu. Akasema nikikigusa tena kitufe kile bila sababu ya maana, atanipeleka bohari ya Mackinnon Road, kule nyikani, nikahesabu pamba na bendeji mpaka nistaafu.

Nikamwambia shikamoo.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeamka na wazo. Faili lina tarehe ya kuzaliwa!

Saa mbili, dirisha bado limefungwa, nikaandika: Mbeyu, Munje. Likafunguka. 1951! Miaka sabini na minne! Nikacheka mpaka nikashika meza. Sabini na tano ni mwaka aliojifungua mtoto wa kwanza, labda.

Nikaendelea kusoma. Ni vigumu kuacha. Goti. Presha. Kidonda cha mguu. Chini kabisa ya maelezo ya kidonda, maneno ya muuguzi wa zahanati ya kijijini, ya mwaka juzi: mgonjwa alipewa vidonge vya salfa, uso ukavimba, pumzi zikambana, akakimbizwa kwa bodaboda. Lakini kile kisanduku cha dawa zinazomdhuru mgonjwa kilikuwa kitupu. Mtu alisahau kukijaza.

Nikafunga. Nilichokitafuta nilikuwa nimekipata.

Saa nne jina lake likatokea kwangu. Daktari Kache kamwandikia vidonge vya salfa.

Mashine kimya. Yenyewe huangalia kisanduku, na kisanduku kitupu. Daktari hakuona, ana watu sitini mlangoni. Hospitali nzima, aliyejua ni mimi peke yangu, na nilijua kwa umbea. Mbele yangu kitufe chekundu. Nyuma ya kitufe, Mackinnon Road.

Kioo kikagongwa kwa pete. "Babu, leo pia tutashinda hapa?"

Nikaishika pakiti ya dawa. Nikairudisha mezani. Nikamuuliza, polepole, kama amewahi kuvimba uso kwa sababu ya dawa. Sura ikambadilika.

"Ndiyo, mwanangu. Nilidhani ni siku yangu. Midomo ilikuwa hivi!"

Nikamuuliza dawa gani. Jina halijui, ila vilikuwa vidonge vyeupe. Vyote ni vyeupe! Akaniambia daktari alikuwa na haraka, naye akaona aibu kumchosha kwa hadithi za zamani.

Mwanangu, kaniita. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniita hivyo dirishani hapa. Bismillahi. Nikabonyeza, nikaandika sababu kwa vidole vyote nilivyojaaliwa.

Daktari akashuka. Akasoma. Akasoma tena. Miguu yangu ilikuwa imeshafika Mackinnon Road kabla yangu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nimemwokoa mgonjwa, na nimemwokoa yeye pia. Akabadilisha dawa papo hapo na kukijaza kile kisanduku kwa mkono wake. Bi Mbeyu akanishika vidole kupitia tundu la kioo, machozi yanamlengalenga, akaniombea dua ndefu. Foleni nzima ikaitikia amin.

Hapo ningenyamaza.

"Usijali, Bi Mbeyu," nikasema. "Mtu wa miaka sabini na minne lazima ajichunge."

Mtu huko nyuma akaanza kupiga hesabu kwa sauti.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeitwa ofisini. Bi Mbeyu kashtaki. Kasema uhai nimempa kwa mkono mmoja na heshima nimeinyang'anya kwa mwingine.

Hannah alikuja na karatasi. Kumbe mashine huandika kila anayefungua faili, jina na saa! Faili nilifungua saa mbili na dakika saba. Dawa iliandikwa saa nne.

"Mzee, saa mbili ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamjibu: hisia za kitaaluma. Daktari Kache akachukua kalamu.

Hukumu. Kwanza, barua ya onyo. Pili, nikamwombe Bi Mbeyu radhi. Tatu sikuitegemea: napewa chumba! Kidogo, zamani kilikuwa cha kuwekea mifagio, lakini kina meza, viti viwili na mlango. Wagonjwa wenye dawa nyingi watakuja kwangu, tusome faili pamoja, wakiridhia. Tena kila asubuhi nitazunguka wodini na Daktari, anitake shauri kabla ya kuandika. Kasema nina jicho zuri, ila mdomo wangu hauna kifuniko, ndiyo maana wananipa mlango.

Baada ya alasiri tulikwenda Munje, mimi na Twaiba. Bi Mbeyu katukaribisha kwa madafu. Kisha kawaita majirani, nami nikatamka mbele yao kwamba mashine ilikosea, na kwamba Bi Mbeyu ni wa mwaka wa sabini na tano. Twaiba kauficha uso ndani ya mtandio, mabega yakimtikisika.

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya kwanza chumbani. Mgonjwa wa kwanza Mzee Ngala wa Mkongani, na mfuko wa dawa aina saba. Mbili kati yake ni dawa ile ile kwa majina mawili! Ndiyo maana kila akisimama anaona kizunguzungu. Nikampigia Daktari, akaiondoa moja. Mzee akanishukuru, akanisimulia habari za mbuzi wake wote, mmoja mmoja. Sikumwambia "anayefuata". Kazi hii ni nzuri, sikatai.

Mchana Hannah kanisomesha somo la siri za wagonjwa. Faili hufunguliwa kwa sababu ya tiba tu. Nimeelewa sana. Nimetia sahihi kiapo.

Saa tisa nikabaki peke yangu, mlango umefungwa. Nikamkumbuka shemeji yangu Abdurahman, kaka yake Twaiba. Tangu tuanze kujenga ukuta wa ua wetu, hajainua hata jiwe moja. Eti mgongo, eti daktari kamkataza. Daktari gani? Lini?

Nimekisoma kiapo tena, neno kwa neno. Kinasema: "Mimi, Swabir, sitafungua." Hakisemi lolote kuhusu faili kufunguka kwa jina la Daktari Kache. Na Daktari Kache anakwenda likizo kesho.

Nitafika mapema kumtakia safari njema, kabla hajazima kompyuta yake.