Masharubu ya Msimamizi

Jumatatu, 12 Agosti
Msimamizi wa tanuri letu la mikate anastaafu! Nimeambiwa na mlinzi, kwa hiyo ni kweli. Mama mwenye tanuri atamtaja mrithi Jumamosi. Nafasi ni yangu. Nani mwingine amekanda unga hapa tangu enzi za kuni?

Nimechunguza. Msimamizi huyu ana masharubu. Aliyemtangulia alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Wa kabla yake, sharafa mashavu yote mawili. Mimi juu ya mdomo sina kitu, kidevuni sina kitu, pembeni sina kitu. Ndiyo maana nikisema jambo kazini watu wanaendelea kutafuna. Mkandaji mwenzangu tunamwita Masharubu, na si kwa utani. Akiyasokota tu, watu wanasimama wima. Huyo ndiye wa kuogopa.

Jumanne, 13 Agosti
Nimejipaka mafuta ya nyonyo na kitunguu. Mama watoto amehamia chumba cha watoto. Kaniuliza tangu lini unga ukaogopa masharubu. Hajui siasa za tanuri.

Jumatano, 14 Agosti
Nimejitazama kwenye kioo. Unywele mmoja! Haraka haraka haina baraka, lakini Jumamosi nayo haingoji. Nimekata kipande cha wigi la mama watoto, upande wa kisogoni, ambako mwenyewe haoni. Lina wekundu kidogo. Si kitu, masharubu ni masharubu. Gundi nimeomba kwa fundi viatu. Akauliza ni ya kiatu gani. Nikamwambia cha ngozi. Sikudanganya sana.

Alhamisi, 15 Agosti
Ushindi! Mlinzi kanipigia saluti, kisha akaniomba kitambulisho. Dada wa Mifuko, anayefungasha mikate, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Heshima iliyoje! Masharubu aliniuliza kama nina mafua. Wivu huo. Mama mwenye tanuri alinitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake. Keshamwona msimamizi wake.

Ijumaa, 16 Agosti
Mteja amerudisha mkate. Ndani kuna unywele! Mama mwenye tanuri katukusanya wote, amefoka, akasema wateja wamechoka kula nywele za watu na kesho kila mtu atakaguliwa. Fursa hiyo! Nikapaza sauti mbele ya wote kwamba mwenye kosa anajulikana, hata jina lake linamtaja. Masharubu alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi.

Jumamosi, 17 Agosti
Siku mbaya. Masharubu kaja uso unang'aa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nimetia! Ya baridi, ya moto, hata mafuta ya taa. Masharubu yangu hayatoki. Gundi ya viatu haina huruma.

Mama aliutoa ule unywele mlangoni, penye mwanga. Mwekundu. Akaangalia uso wa kila mtu, akafika kwangu, akasimama. Akaniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniua, kwamba alikuwa ameshanichagua mimi. Mwanaume pekee humu ndani mwenye uso laini kama yai, alisema, ndiye aliyemwona anafaa kuwasimamia wengine kwa usafi. Kisha nafasi akampa Dada wa Mifuko.

Nimelia nyuma ya magunia ya unga. Masharubu kaniletea kitambaa nipanguse machozi. Hata hilo limeniuma.

Jumapili, 18 Agosti
Mama watoto amegundua wigi lake. Tuliache hilo. Hasira zilipomwisha akanibandua polepole kwa mafuta ya kula. Masharubu yametoka na ngozi yangu. Huku anapuliza kidonda akauliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza. Akasema haya, tutaona.

Jumatatu, 19 Agosti
Dada wa Mifuko ameanza usimamizi. Akisema neno, watu wanaacha kutafuna! Hana hata udevu mmoja. Nimemchunguza kutwa nzima mpaka mikate ikaniungulia, na hatimaye nimeliona kosa langu. Kumbe wiki nzima nilikuwa nahangaikia mdomo bure.

Ni miwani!

Mama mkwe ana miwani ya zamani juu ya kabati lake. Kioo kimoja kimepasuka, lakini kwa mbali hakuna atakayejua. Nimemwambia mama watoto kwamba kesho nakwenda kumsalimia mama yake. Amefurahi sana, maskini.