Goli Linalokuna Kifundo

Siku Kinanda alipogundua njia mpya ya kujipatia riziki, alikuwa amesimama nje ya duka la kinyozi, simu sikioni, akisimangwa na mama mkwe wake. Jina la Kinanda alipewa mjini kwa sababu mdomo wake ukishaanza kupiga, watu hucheza kwanza, kuuliza baadaye.

Mama mkwe alikuwa uwanjani, upande wa pili wa mji, kama ilivyokuwa kawaida yake kila Jumamosi. Kwa mama yule, mpira wa kwenye runinga ulikuwa chakula cha wagonjwa.

"Mwanamume mzima una miguu miwili," alisema, "unakwenda kwa kinyozi kutazama watu wadogo kama sisimizi! Njoo huku upigwe jua kama wenzako!"

Kabla Kinanda hajajibu, simu ilipasuka kwa kelele. Goli! Timu ya mji imefunga! Akachungulia ndani. Kwenye runinga kubwa ya kinyozi, kipa wa wageni alikuwa bado ameushika mpira, anaudundadunda kwa raha zake. Kinyozi alivuta mechi kwa intaneti, na picha ilifika ikiwa imechelewa. Kinanda akaanza kuhesabu polepole. Alipofika arobaini, watu wa ndani wakaruka vitini.

Sekunde arobaini! Wapo waliojenga ghorofa kwa mtaji mdogo kuliko huo.

"Mama," alisema kwa sauti ya kinyonge, "sikutaka kukuambia. Mimi ni mgonjwa. Moyo. Daktari amenikataza kushtuka, ndiyo maana siji uwanjani."

Upande wa pili mama mkwe akapiga ukunga. "Uwii, mwanangu! Binti yangu anajua?"

"Usimwambie, mama, nakuomba. Nisaidie kitu kimoja tu. Runinga ya huku inachelewa. Mambo yetu yakiwa mazuri, nibipu mara moja. Yakiharibika, mara mbili, nijiandae kabla sijaona."

Mama mkwe aliapa kwa machozi. Kinanda naye alisikia kitu kama aibu kikimpitia, lakini hakikukaa.

Kwa kinyozi kulikuwa na sheria: simu zote zinaachwa kwenye kapu la mlangoni, kwa sababu mwenye duka hakutaka mtu apigiwe na mkewe katikati ya kona. Jumamosi iliyofuata Kinanda alitumbukiza kapuni simu mbovu isiyowaka tangu mwaka juzi. Ile nzima aliisokomeza ndani ya soksi, ikiwa imewekwa kutetema bila kulia.

"Mimi goli nalisikia kabla halijaingia," aliwatangazia. "Linanikuna hapa kwenye kifundo cha mguu. Tumezaliwa hivyo kwetu."

Wakamcheka. Mwenye bucha akaweka dau la paja zima la mbuzi. Soksi ikatetema mara moja, Kinanda akajikuna, akasema linaingia, na likaingia. Wiki ya pili fundi cherehani alipoteza suruali mbili mpya. Wiki ya tatu kinyozi mwenyewe alipoteza kunyoa bure mwaka mzima, na tangu hapo hakulala vizuri. Alikuwa mtu ambaye akipoteza shilingi hurudi njia nzima ameinama. Kila mteja aliyekaa kitini alisimuliwa habari za kile kifundo.

Ikafika siku ya fainali. Dakika zilikuwa zimebaki tatu, sare, na mwamuzi akaonyesha penalti kwa timu ya mji. Wageni walimzunguka wakilalamika. Kinyozi akaegemea runinga yake.

"Leo kifundo kinasemaje?"

Soksi ikatetema. Mara moja. Kinanda akasubiri kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayesaini hati. Haikutetema tena.

"Kinasema imeingia," alijibu. "Na siongelei nyama leo. Pikipiki yangu kwa runinga yako."

Watu wakasogea karibu. Pikipiki ile ilikuwa kitu pekee alichowahi kupata kwa jasho lake, na wote walijua.

"Funguo mezani," alisema kinyozi, akigonga meza.

"Hizo hapo. Wewe anza kuchomoa nyaya."

Mpigaji akarudi nyuma, akakimbia, akapiga. Mpira ukapaa juu ya lango, ukapita mabango, ukapita mashabiki, na kamera ikachoka kuufuata.

Duka zima lilipiga mayowe, nusu kwa huzuni ya timu, nusu kwa furaha ya kinyozi.  Kinanda alivua kiatu, akakitazama kifundo chake kama ndugu aliyemsaliti. Hata nusu saa baada ya mechi kuisha kwa goli la wageni la dakika ya mwisho, bado alikuwa pale pale, na nje kinyozi alikuwa amepanda pikipiki, anajaribu honi.

Ndipo mama mkwe akaingia mbio, vumbi la uwanjani hadi magotini.

"Mzima? Afadhali! Nilipoona ule mpira unapaa, nikasema, nikibipu mara mbili namuua huyu mtoto. Nikabipu mara moja. Nilitaka angalau ufurahi kidogo."

Kinanda akafungua mdomo ule uliouza hewa mjini miaka kumi na mbili.  Angefoka, lakini mama mkwe hafokewi. Angeeleza, lakini aeleze nini, mbele ya mwenye bucha na fundi cherehani? Huko nje honi ililia tena, na mkono wake ukaenda wenyewe kifuani.

"Asante, mama," alisema.

Mama mkwe akamfuta jasho kwa ncha ya khanga, huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Ona ulivyo, mwanangu. Na hapo nimekudanganya. Ningekuambia ukweli ingekuwaje?"