Kiti cha Bi Mwatima na Mashamba ya Urusi

Jumanne, 19 Juni 2018. International City, Dubai

Baiskeli ya umeme imekamilika. Nimeiunda mwenyewe kwa miezi minne, kati ya kitanda changu na cha Khalfan, mwenzangu wa chumba. Alhamisi naruka kwenda Moscow. Mwaka huu mwenye tiketi ya Kombe la Dunia hadaiwi viza. Mpira haunihusu. Nakusudia vijiji: kilomita mia tatu na arobaini za mashamba ya ngano, zote nimezichora kwa penseli. Khalfan ameuliza kama huko kwenye ngano kuna mtu ananingoja. Mtu kama mimi, karani wa ghala aliyesomesha Jiografia Tanga miaka kumi na tisa, hajibu kila swali.

Kikwazo kimoja: betri. Shirika la ndege halipokei betri kubwa. Nimesoma kanuni mara tatu. Kifungu cha mwisho: isipokuwa ya kiti cha magurudumu, kwa abiria asiyeweza kutembea.

Nimefikiri.

Jumatano, 20 Juni

Rashidiya, kwa Bi Mwatima, bibi wa Unguja anayetulisha sote Waswahili wa hapa pilau kila Idi. Nilimwambia breki za kiti chake cha umeme zinanitia shaka. Nikichukue, nikirudishe baada ya wiki mbili. Breki hazina kasoro yoyote. Alinishukuru! Akasema atakaa ndani tu, nisihangaike. Bila kiti hutoka nje kwa taabu kubwa. Akanipa vitumbua. Nilikula vinne. Naandika idadi kwa kuwa aibu nayo ina haki ya kupimwa.

Alhamisi, 21 Juni

Uwanja wa ndege. Nimeketi kitini, betri ya baiskeli imefungwa chini yangu kama ya kiti, baiskeli imo vipande vipande ndani ya boksi. Nimekunja uso kama mgonjwa. Msukuma viti aliyeletwa: Pius! Jirani yangu wa ghorofa ya chini, ninayemdharau kwa kuhesabu kwa vidole. Akashika kichwa. Juzi si tulipanda ngazi pamoja? Nikasema ni mguu, wa kulia, ghafla. Machozi yakamlenga.

Angenishuku ningestahimili. Alinisukuma kama trei ya mayai hadi kaunta, akamsihi afisa: huyu ni mwalimu wetu, hana ndugu hapa, si haki kumwachia aende peke yake bila barua ya daktari. Afisa akakubaliana naye. Khalas, imekwisha. Ndege imeondoka.

Lifti ya jengo letu mbovu. Pius amenibeba mgongoni hadi ghorofa ya tatu. Nina kilo themanini na nne. Alipumzika mara mbili, kila mara akiniomba radhi.

Ijumaa, 22 Juni

Pius ametangaza kwenye kundi letu la WhatsApp. Baada ya swala wamekuja kunijulia hali, watu kumi na saba. Viatu vimefika mlango wa jirani. Uji. Supu. Rosina kaleta mafuta ya kuchua. Nilikuwa nimefunga bandeji. Khalfan akaniinamia sikioni, akauliza mguu wa kulia umehamia kushoto tangu lini.

Kisha Bi Mwatima. Ngazi zote, kwa miguu yake, mjukuu wake Fairuz akimshika kwapa. Hatua, pumzi, hatua. Amekuja kumtazama mgonjwa. Na kiti chake kiko katikati ya chumba, kina kibandiko nilichokiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MOSCOW.

Alikitazama. Akanitazama. "Ungelisema tu, mwanangu. Kumbe wakihitaji kuliko mie. Kaa nacho."

Fairuz akasoma kibandiko kwa sauti.

Nilifungua bandeji mbele ya wote, nikaeleza kila kitu. Pius akauliza polepole: kwa hiyo mwalimu anaweza kutembea? Naweza, nikasema. Akamshukuru Mungu! Ningalipenda anizabe kofi.

Jumapili, 24 Juni

Nimerudisha kiti. Nimekaza breki ambazo hazikulegea. Nimewaomba radhi wote kumi na saba, kwa orodha. Bi Mwatima alicheka hadi akafuta macho, akataka kujua hasa nilikuwa nakwenda kuona nini. Ngano, nikasema, mito, nyumba za mbao zenye madirisha ya buluu. Akauliza baridi yake. Mwezi huu, kama chumba chenye kiyoyozi. Akasema hajatia mguu shambani tangu ahamie huku.

Nimerudi, nimefungua kanuni. Kiti husafiri na abiria wake. Abiria wake! Tiketi mbili bado zinapatikana. Nimeanza kuchora kigari cha kufungwa nyuma ya baiskeli, chenye mto na mwavuli. Fairuz hajaambiwa.