Beti Ishirini na Tatu za Mchukuzi

Jumatatu, 3 Februari

Hatimaye! Miaka kumi na tisa katika Chama cha Michezo ya Nyimbo cha Kilvarna, na leo ndiyo mara ya kwanza napewa wimbo wa peke yangu. Miaka yote hiyo nimekuwa mwanakijiji. Mwanakijiji mwenye kofia. Mwanakijiji asiye na kofia. Mwaka juzi, nusu ya nyuma ya ng'ombe. Nusu ya mbele alikuwa Malachy Tuohy, mwenye bucha. Bila shaka!

Safari hii Dervla Fogarty, mpiga kinanda wetu wa kanisani, katunga mchezo mwenyewe: stesheni yetu ya treni, wiki ya mwisho kabla reli haijafungwa. Malachy ni Mkuu wa Stesheni. Ana filimbi, ana kofia yenye utepe wa dhahabu, ana wimbo mrefu unaomalizikia kwenye sauti ya juu kabisa. Mimi ni mchukuzi wa mizigo. Lakini Dervla kasema mbele ya watu wote kwamba wimbo wa mchukuzi ndio utakaofunua maisha yake yote.

Maisha yote! Nimerudi nyumbani natembea kama askofu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepewa wimbo. Mistari minane. Minane tu!

Na mchukuzi hasemi kitu. Anawaambia abiria wachunge kidato cha behewa. Anamwambia bibi mmoja kwamba huko Dublin, wanasema, kuna jua. Anawatakia safari njema. Halafu anasema sanduku lake mwenyewe ni jepesi, liko nyumbani chini ya kitanda, mke wake hutilia humo taa za Krismasi. Basi. Kwisha.

Hilo ni jambo la kuimba? Hata sisi tuna sanduku kama hilo chini ya kitanda. Nililinunua ujanani, nilipotaka kumfuata kaka yangu ng'ambo, Boston, kabla mama hajaugua. Attracta, mke wangu, hutilia humo taa za Krismasi. Nusu ya nchi hii wana sanduku la namna hiyo. Nani atatoka nyumbani kwenye mvua aje kusikiliza habari za taa?

Nikamwendea Dervla. Nikamuuliza mtu huyu alizaliwa wapi, nani alimdhulumu. Akanijibu kwa upole kwamba mtu haimbi pale panapouma, huimba pembeni yake, na msikilizaji hujionea mwenyewe. Eti ukisikia anavyowaaga wenzake, umeshajua yeye hakuondoka kamwe. Kisha akanitazama kwa muda mrefu, kama anayengoja niseme neno.

Nikasema. Nikamwambia hakuna hata sauti ya juu.

Jumapili, 9 Februari

Kazi imekamilika. Nimeandika beti ishirini na tatu. Mchukuzi anazaliwa kwenye dhoruba. Ni mwana wa siri wa kabaila. Anaibwa. Anapigana na chui huko India. Anapoteza mguu, anapoteza mchumba, anaupata mguu. Hayo ndiyo maisha!

Nikamwimbia Attracta akimenya viazi. Akauliza huyo ni nani sasa. Nikasema ni mimi, yaani mchukuzi. Akauliza kama ile mistari minane nimeisoma vizuri. Nikamwambia nimeisoma sana, na ni wimbo wa mtu asiye na makuu wala matumaini, mtu wa kuhurumiwa. Akaweka kisu chini, akaenda kuanika nguo.

Mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake!

Jumatano, 12 Februari

Nimeimba beti zangu mazoezini. Nilipofika kwenye chui, Malachy alicheka mpaka akaomba maji. Dervla akafunika kinanda. Akasema, Bwana Fintan, nakuomba, imba kama ulivyoandikiwa, wewe kuliko mtu yeyote unaweza. Mimi kuliko mtu yeyote! Sasa kwa nini ananibania?

Wivu tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake amezisuka zikambana.

Jambo moja linanikera zaidi. Mwamuzi kutoka chama cha taifa anakuja Ijumaa ya tarehe 28. Huketi katikati ya ukumbi na taa yake ndogo, na mchezo ukiisha hupanda jukwaani akasema mbele ya mji mzima nani aliimba na nani alilia kama mbuzi. Miaka kumi na tisa hajapata kunitaja. Safari hii lazima anitaje. Lakini kwa mistari minane ya taa?

Jumatano, 19 Februari

Ushindi! Ushindi mtupu!

Malachy amekuja dukani kwetu, akanunua gunia la chakula cha kuku. Hana kuku. Nikajua pana jambo. Akaanza kulalamikia goti. Mkuu wa Stesheni lazima apande juu ya rundo la masanduku aimbe, na goti limekataa. Eti yuko tayari kuwa mchukuzi, kajamaa kadogo, ilimradi mimi nimpokee mzigo ule mkubwa.

Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Usoni nikakunja ndita. Nikashusha pumzi. Nikamwacha abembeleze. Akaniuliza, Fintan, ndugu yangu, una hakika? Wimbo ule ni wako. Masikini, alikuwa na aibu kabisa. Nikamwambia tumeshapatana, asirudi nyuma.

Dervla aliposikia alikaa kitako. Akauliza tena na tena kama ndivyo ninavyotaka. Hatimaye akasema haya, siwezi kumlazimisha mtu.

Attracta kasema nimeuza ng'ombe nikanunua kengele yake. Sikumjibu. Nilikuwa najipima kofia.

Ijumaa, 28 Februari

Nimepanda masanduku. Nimepuliza filimbi. Kofia imenifunika macho, lakini sauti ya juu nimeitoa, nikaishikilia mpaka mbwa wa padri akajibu huko nje. Watu wakapiga makofi, ya heshima.

Kisha sehemu ya pili. Malachy akaingia amebeba sanduku. Sanduku langu! Attracta kampa Dervla bila kuniuliza! Na Malachy hakuimba hata, alikuwa kama anazungumza. Chunga kidato, bibi. Dublin, wanasema, kuna jua. Goti lake, nikaona, lilikuwa zima kabisa. Alipofika kwenye taa za Krismasi, mama wa posta akaanza kulia. Halafu safu yake nzima.

Na kwa nini walikuwa wananigeukia mimi, nilikosimama kando ya pazia? Nikaiweka kofia sawa. Mapazia yale yana vumbi sana, macho yakanitoka maji.

Mwamuzi alisema hajawahi kuyaona maisha mazima ya mtu ndani ya mistari minane. Akauliza mtu huyo ni nani. Dervla akasema yuko humu humu. Malachy akaninyooshea kidole, ukumbi mzima ukasimama, nikainama kupokea makofi. Ilikuwa ile sauti ya juu, ni dhahiri. Mwamuzi alisema pia kuwa Mkuu wa Stesheni alisikika vizuri. Nimetajwa! Kombe la mwimbaji bora alipewa Malachy.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya misa watu wamenishika mkono, na hawakuuachia. Mzee Cuffe, anayenunua kwangu pumba kila wiki, kasema miaka yote hii hakujua. Hakujua nina sauti ile, naam. Malachy kaleta paja zima la kondoo, akashindwa kunitazama usoni. Anajua kombe ni la nani! Wimbo wake wa mchukuzi ulikuwa mzuri kiasi, lakini mtu aishi hivyo, asijue hata anatamani nini? Nyani haoni kundule.

Niliporudi nyumbani nikakuta sanduku juu ya kitanda, wazi, tupu, mashati yangu mazuri yamekunjwa kando yake. Attracta kasema amezungumza na kaka yangu. Kasema twende Boston Pasaka hii, sote wawili. Macho yake yalikuwa mekundu.

Nikamwambia Pasaka haiwezekani kabisa. Dervla anaanza mchezo mpya, na lazima mtu awepo wa kumsaidia. Lakini nimemhurumia. Kumbe muda wote huu anatamani kusafiri, maskini, na hajui namna ya kulisema.

Nikarudisha taa za Krismasi sandukuni, nikalisukuma chini ya kitanda, nikaketi kuandika ubeti wa ishirini na nne.