Meli Niliyoizamisha kwa Sauti Yangu

Jamani, leo sina sura ya kupita Kariakoo.

Mimi ni Bosco, fundi bati wa Gerezani. Natengeneza majiko na ndoo, lakini moyo wangu uko kwenye manowari. Si manowari yoyote, ni ile inayobeba wanajeshi pamoja na boti zao tumboni. Zamani askari walishuka melini kwa nyavu, mzigo mgongoni, bahari imechafuka, na wengine walidondoka. Kwenye Vita Kuu ya Pili wataalamu wakaja na wazo la kichaa: meli ijizamishe yenyewe nusu. Inajaza maji kwenye matangi yake, nyuma inashuka, mlango unafunguka, bahari inaingia tumboni na boti zinatoka zikielea. Kazi ikiisha, maji yanasukumwa nje, meli inapanda kama si yenyewe. Baadaye wakaongeza nafasi ya askari wengi na uwanja wa helikopta. (Najua nimenogewa. Vumilieni.)

Sasa mimi nimeunda ya kwangu, kwa bati. Pampu nimeitoa kwenye gari bovu kule Buguruni, ile ya kurushia maji kwenye kioo. Sababu ni Upendo, mchumba wangu. Baba yake, Mzee Massawe, ana duka la jumla la vyombo Mchafukoge, pembeni ya Kariakoo, na mimi huniita "yule kijana wa makopo". Jumapili wazee wangu wanakuja kutoka Masasi kupeleka posa. Nilitaka kabla ya hapo aone mikono hii inaweza nini, asije akawarudisha wazee wangu mikono mitupu.

Asubuhi nimeitia kwenye pipa nililolikata. Ikajizamisha! Karibu nilie. Haraka haraka nikamrekodia Upendo, nyundo za majirani zikigonga pembeni: "Meli imeanza kuzama. Mlango wa nyuma uko wazi, maji yamejaa tumboni. Usimwambie Mzee kwanza."

Nikatuma kwenye simu ya dukani, ambayo huijibu Upendo. Nilichokuwa sijui ni kwamba Upendo alikuwa ametoka kwenda stoo, simu kamwachia Mzee. Halafu tangu enzi zetu za kujificha, kwenye simu ile ameniandika "Wakala Bandarini". (Lilikuwa wazo langu. Nililiona la akili sana.)

Na Kariakoo, meli ni kitu kimoja tu: mzigo wangu uko humo. Mzee ana kontena la sahani kwenye meli inayosubiri zamu kuingia bandarini, amelichangia pesa na majirani zake.

Mchana habari ikafika Gerezani. Muuza kahawa akaniambia meli ya mizigo imezama nje ya bandari, na Mzee Massawe hali yake si nzuri. Roho ikaniuma kweli. Nikanawa mikono, nikakimbia kwenda kumfariji.

Duka lilikuwa limejaa watu. Mzee amekaa juu ya boksi, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole sana. Nimesikia meli imezama."

"Hata Gerezani mmesikia?"

"Habari iko kila mahali, baba."

Mama mmoja mwenye duka la vitenge akaanza kulia. Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nikaona nitoe utaalamu.

"Tatizo maji yakishaingilia nyuma, meli haichukui muda."

Mzee akainua kichwa. "Nani kakwambia yameingilia nyuma?"

"Mara nyingi huwa ni huko, baba."

Jirani mmoja akamwambia Mzee, "Mangi, hebu tuwekee tena sauti ya huyo wakala." Mzee akabonyeza. Kwanza nikasikia nyundo. Nikajiuliza, bandarini nako wanagonga bati? Halafu nikasikia meli imeanza kuzama, kwa sauti yangu mwenyewe. Wakati huohuo Upendo akaingia na maboksi yake.

"Mbona mnamsikiliza Bosco?"

Duka zima likanigeukia. Nimeshawahi kuchomwa na bati la moto, nawaambia ni afadhali.

Nikaeleza yote: pipa, pampu, boti za tumboni. Hakuna aliyecheka. Mzee akasimama taratibu.

"Iko wapi hiyo meli?"

Tukaongozana hadi Gerezani, Mzee mbele, waagizaji wote nyuma, kama tunakwenda kuzika. Nikaiweka meli majini. Matangi yakajaa. Nyuma ikashuka. Mlango ukafunguka, na boti zangu mbili zikatoka zikielea moja baada ya nyingine. Nikawasha pampu. Meli ikapanda, imenyooka, uwanja wa helikopta mkavu kabisa. Hapo aibu ikanitoka. Nilisimama kama jemadari.

Mzee akainama. Ameuza vyombo vya bati maisha yake yote, akapitisha kidole ubavuni taratibu.

"Mshono uko wapi?"

"Nimechomea kwa ndani, baba."

"Hebu izamishe tena."

Nikaizamisha tena. Mama wa vitenge akapiga kigelegele. Mzee akajikung'uta mikono, akaniangalia usoni.

"Sikiliza, mkwe. Siku nyingine ukituma sauti, anza na salamu."

Watu wakavunjika mbavu, mpaka sasa Gerezani hakuna anayefanya kazi. Na nyinyi chekeni tu, ruksa. Mimi nimeitwa mkwe.