Kiingereza Nilichomfundisha Concilie

Jumatatu, 3 Machi
Msiba. Mkuu mpya wa mradi ametuita wote asubuhi. Alitoka Nairobi mwezi uliopita, hasomi Kifaransa hata kidogo, na amechoka na barua zetu. Anasema tunachanganya maneno ya Kiingereza yaliyo ndugu: borrow na lend, teach na learn, hear na listen. Wiki iliyopita tulimwandikia kwamba tunampa gari, kumbe tulikuwa tunamwomba.

Kwa hiyo mtihani wa mdomo, Jumatatu ijayo. Kitengo cha Kiingereza hapa Bujumbura kina nafasi moja. Tunaoitaka ni wawili, mimi na Concilie. Atakayeshindwa anahamia ofisi ya Cankuzo, mbali kule mashariki, mwisho wa mwezi.

Cankuzo! Raïssa ana meza yake ya vitenge sokoni, hawezi kuiacha. Nella yuko mwaka wa tisa, mtihani wake wa taifa ni Juni. Maana yake naenda peke yangu. Nimekula chakula cha jioni nikimwangalia mke wangu na binti yangu kama mtu anayeaga.

Faida ninayo moja. Ofisi nzima inaamini nilisoma Kampala. Nilikaa Kampala wiki tatu, kutafuta matairi. Sijawahi kuwasahihisha.

Jumanne, 4 Machi
Odette amenisaidia. Ni jirani yetu hapa Musaga, mwalimu wa Kiingereza, mkali. Kabla ya kazi ameniandikia jozi ishirini kwenye daftari. Borrow: unachukua kitu cha mtu, utarudisha. Lend: unampa mtu kitu chako, atarudisha. Nimemwuliza Waingereza wanahitaji maneno mawili ya nini. Kwetu mtu anasema naazima, na jirani anaona mwenyewe mkono umeelekea wapi. Odette amesema nisome, nisibishane.

Mchana Concilie amekuja mezani kwangu. "Bwana Sylvère, we ulisoma Kampala. Mi hii Kiingereza inanishinda. Unisaidie." Mtu mzima, miaka kumi na tisa kazini, anamwomba msaada mpinzani wake. Nimemhurumia kwa dakika nzima. Kisha wazo likaja.

Jioni yote nimemtengenezea daftari lake. Jozi zilezile, maana nimezigeuza. Lend ni kuchukua, borrow ni kutoa. Learn ni kufundisha, teach ni kujifunza. Mwandiko mzuri, mistari kwa rula, mifano chini ya kila neno. Raïssa amesema hajawahi kuniona nikisoma kwa bidii hivi. Nimejisikia vibaya kidogo, kisha nikakumbuka Cankuzo.

Jumatano, 5 Machi
Concilie amepokea daftari kwa mikono miwili. Tatizo limejitokeza: anataka nimfundishe kila mchana. Nimekubali, maana nikikataa atashuku. Ameleta samaki wadogo wa ndagala, wa kukaanga, na ndizi, kama shukrani. Nimemfundisha jozi saba. Kila moja amenifanya niirudie mara tano, anasema kichwa chake ni kigumu. Ndagala walikuwa watamu sana.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. Haelewi upesi, nimelazimika kuigiza. Nimesimama, nimechukua kalamu yake, nimesema lend. Nimempa yangu, nimesema borrow. Mara kumi, mpaka mhasibu akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Jioni nilitaka kusoma daftari langu la kweli. Usingizi ulinichukua kwenye ukurasa wa kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Sasa ananisahihisha! Ulimi uliteleza, nikasema hear ni kusikia tu, jambo ambalo ni kweli. Concilie akafungua daftari lake, akanionyesha kwa kidole: apana, hear ni kutega sikio, mwalimu ameandika mwenyewe. Nikaomba radhi. Akasema nirudie ili ashike vizuri. Nimerudia mara sita.

Masikini. Nimeondoka kazini karibu nimwambie ukweli. Nilipofika kituo cha basi nilikuwa nimepoa.

Jumamosi, 8 Machi
Kazi za jamii. Mtaa mzima tumetoka na majembe kuzibua mitaro. Odette alikuwa upande wa pili wa mtaro, akaamua kunipima mbele ya watu. Nimekosa jozi kumi na tatu katika ishirini. Ameweka jembe chini. Ameuliza ni nani aliyenifundisha upuuzi huu, na mbona nausema kwa uhakika namna hii.

Nimekimbia nyumbani, shefu wa mtaa akipiga kelele nyuma yangu kwamba ananiandika mtoro. Nimefungua daftari la Odette. Kila jozi naikumbuka, lakini maana ya uongo ndiyo inayofika kwanza mdomoni. Nimezisema za uongo siku tatu kwa sauti. Za kweli sijazisema hata mara moja.

Jumapili, 9 Machi
Raïssa na Nella wamekwenda misa bila mimi. Nimepata njia: chochote kinachokuja kwanza, niseme kinyume chake. Nimejipima. Kumi na tatu nilizokuwa nakosa, sasa napata. Saba nilizokuwa napata, sasa nakosa.

Nella ameniuliza kama nitakuwepo siku za mtihani wake. Nimemwambia nitakuwepo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeingia saa nne. Mkuu ameniuliza habari za nyumbani, nimejibu vizuri. Kisha amepapasa meza yake na kusema, lend me your pen.

Lend. Kichwa kikasema kuchukua. Nikakigeuza, kikasema kutoa. Nikakumbuka kwamba huenda hii ni moja ya zile saba. Nikakigeuza tena. Mkuu anangoja, kanyoosha mkono. Nikainama juu ya meza, nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti lake, nikamwambia thank you.

Ameniuliza polepole kama anaweza kurudishiwa. Nilipofika nje ndipo nilipoona kwamba bado ninayo.

Jumanne, 11 Machi
Concilie amepata ishirini kwa ishirini. Mimi Cankuzo.

Nimemfuata mezani kwake. Hakuficha kitu. Mpwa wake Chanelle, anayesoma chuo, aliliona daftari Jumatano ileile jioni, akacheka mpaka machozi, kisha akamwandikia maana za kweli. Nimeuliza basi aliendelea kuja kwangu mchana kufanya nini. "Ulikuwa unafundisha na roho yote, mwalimu. Mi ningekukatiza namna gani?"

Hila kama hizo! Na nimekaa chumba kimoja cha ofisi na mtu huyo miaka yote hii.

Raïssa hakupiga kelele. Ameuliza tu, "Papa Nella, mutoto nani atamusomesha jioni, mi nikirudi soko nimechoka?" Nimetoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, nimelia.

Jumatano, 12 Machi
Concilie amekuja na karatasi. Ameniandikia barua ya Kiingereza kwa Mkuu, bila mimi kumwomba. Anasema inaomba safari yangu iahirishwe hadi Julai, Nella amalize mtihani. Amekwisha zungumza na Mkuu, kilichobaki ni sahihi. "We na mi, hiyo ni yetu. Mutoto hana kosa." Niipeleke kama ilivyo.

Kama ilivyo! Nimeisoma mara nane. Ameandika put off. Nalikumbuka neno hilo vizuri, jozi ya kumi na nane: put off ni kuwahisha, bring forward ndiyo kuahirisha. Nyoka. Nani anamtendea wema mtu aliyemtendea vile? Ningekuwa mimi, ningetega hapohapo. Ningeweza kumwuliza Odette, lakini tangu Jumamosi akiniona anatikisa kichwa. Nimeandika barua upya, safi, put off nimeitoa, bring forward nimeiweka. Nimeipeleka mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Mkuu amekubali ombi langu. Ameshangaa kidogo, anasema ni watumishi wachache wenye moyo wa namna hii. Gari la mradi linanipitia kesho saa kumi na mbili asubuhi, badala ya mwisho wa mwezi.

Nimejua mara moja. Concilie ameigusa ile barua.

Nella amekataa kula, amejifungia chumbani. Raïssa amekaa juu ya sanduku langu ili lifungike. Nimemwambia asipakie makoti, sitamaliza wiki mbili kule. Nimekwisha andika barua nyingine kwa Mkuu, kurasa mbili, na hii nimeiandika mwanzo hadi mwisho kwa Kiingereza changu mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote.