Kigeuzi Kitamuumbua Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi ya kwaya jioni. Habari kubwa! Mwalimu wa kwaya ametangaza kuwa Jumamosi atachagua besi mmoja wa kuimba ubeti wa tatu peke yake siku ya tamasha. Besi tupo wawili tu, mimi na shemeji, yaani kaka wa mke wangu. Kwa hiyo ni mimi.

Halafu akaongeza, macho kwenye karatasi zake na si kwenye sura ya mtu, kwamba katika rekodi yetu ya mwezi uliopita kuna besi mmoja anauanza ubeti wa tatu kabla ya wenzake, na akishaingia anashuka chini ya wimbo. Hakutaja jina. Mpole mno yule mama. Nikamtazama shemeji. Shemeji naye akanitazama mimi. Ana uso mkavu kweli!

Nimerudi nyumbani nikaiweka rekodi hiyo kwenye mitambo yangu ya sebuleni. Simu, waya, amplifaya, spika mbili kubwa. Hakuna kitu. Sauti zote zimevurugana, besi wawili wamekuwa uji mmoja. Mhalifu hakamatiki ndani ya uji. Nataka ushahidi.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kazi nimepita kwa fundi redio. Dukani kwake televisheni zote zimewashwa, kila moja na yake, kwa hiyo tulielewana kwa kupiga kelele. Akanieleza kuwa wimbo ukiwa ndani ya simu si sauti, ni namba tupu, na simu yangu inazigeuza namba hizo kuwa sauti kivivuvivu, ilimradi siku ipite. Dawa yake ni kigeuzi: kisanduku cha kukaa katikati ya simu na amplifaya, kazi yake hiyo moja tu. Akaniita bosi mara nyingi sana. Nikakinunua.

Nimefika nyumbani, shemeji huyo, amekalia kiti changu. Akauliza hicho ni nini. Nikamwambia kigeuzi. Akasema afadhali, huenda kikanigeuza na mimi nikawa mwimbaji. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Cheka, shemeji, cheka tu!

Nikaunganisha. Kimya! Nikapuliza plagi. Nikachomoa nyaya, nikazichomeka upya. Nikasoma karatasi ya maelekezo, herufi ndogo kama chawa. Kimya. Mke wangu akapita na beseni la nguo, akabonyeza swichi ya ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Nilikuwa karibu kufika hapo mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Bohari letu la rangi lina mwangwi mzuri ajabu, hasa kule nyuma kwenye makopo makubwa. Karani gani mwingine ana ukumbi wake mwenyewe? Nimeufanyia mazoezi ubeti wa tatu huku nikikagua mzigo. Msimamizi alifunga mlango wa ofisi yake, bila shaka anisikie vizuri bila kelele za barabarani. Dereva wa lori aliingia mbio akiuliza nani ameangukiwa na kopo. Watu wengine hawajazoea muziki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemnasa!

Mke wangu alikuwa hajarudi. Nikakaa katikati ya spika zangu, moja iko dirishani kushoto, nyingine mlangoni kulia. Nikafumba macho. Jamani, kigeuzi! Uji umekuwa wali, kila punje na nafasi yake. Siku ya kurekodi tulijipanga nusu duara mbele ya maiki, na besi tulikaa miisho miwili kama mishikio ya sufuria. Ukitutazama kwa mbele, shemeji yuko kushoto kabisa, mimi kulia kabisa. Nikasubiri ubeti wa tatu. Huyoo! Besi akaingia kabla ya wenzake, kisha akaporomoka chini ya wimbo kama mtu aliyekosa ngazi. Na alitokea spika gani? Ya dirishani! Kushoto! Upande wa shemeji!

Nikarudia. Nikaifungulia besi ya amplifaya hadi mwisho, vioo vya madirisha vikatetemeka. Kule mlangoni, upande wangu, ni sauti nzito, imetulia, tamu mpaka nywele zikanisimama. Sikujua kama naimba vizuri hivi! Nikasikiliza tena, safari hii kwa ajili yangu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia mwalimu wa kwaya. Nikamwomba uchaguzi ufanyike sebuleni kwangu, mbele ya mitambo isiyojua upendeleo. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema mia kwa mia. Akauliza tena.

Mke wangu, naye mwanakwaya, alikuwa anapiga pasi huku rekodi ikiimba. Akashangaa mbona sauti yake inatokea mlangoni, na yeye siku ile alisimama kushoto, bega kwa bega na kaka yake. Nikamwambia asianze kukitia dosari kigeuzi changu. Nikaenda kununua sukari ya wageni. Kurudi, namkuta nyuma ya kabati la mitambo na kitambaa cha vumbi. Akasema waya mwekundu wa kulia na mweupe wa kushoto nilikuwa nimezichomeka kinyume, amezirudisha kila mmoja kwake. Nikamshukuru bila kumsikiliza sana. Nilikuwa natunga hotuba.

Jumamosi, 8 Machi

Walikuja. Mwalimu, shemeji na waimbaji wengine, kochi likajaa. Nikasimama nikasema hatumwindi mtu hapa, tunautafuta ukweli. Nikawaonyesha kwa kidole: spika ya dirishani ni shemeji, ya mlangoni ni mimi. Masikio yenu ndiyo mahakimu. Besi nikaifungulia hadi mwisho, asikose mtu kusikia.

Ubeti wa tatu. Huyoo!

Mlangoni.

Sauti kama ya mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu, imewatangulia wote, na inaburuta kuelekea kusikojulikana. Vichwa vyote vikageukia spika ya mlangoni. Kisha vikanigeukia mimi. Shemeji peke yake aliangalia chini. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata maini zaidi.

Mwalimu akaweka kikombe chake mezani. Akanishukuru sana. Akasema wiki nzima alikosa namna ya kuniambia, kumbe mimi nina moyo wa kujitaja mwenyewe hadharani. Wakanipigia makofi! Ubeti wa tatu akapewa shemeji. Na mimi, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua mambo ya mitambo, nikapewa cheo: mkuu wa sauti siku ya tamasha. Nitakaa mezani, nyuma kabisa ya ukumbi. Mwalimu alirudia hayo maneno, nyuma kabisa.

Niliumia. Naandika kama ilivyo: niliumia. Nilienda jikoni nikaosha vikombe ambavyo havijatumika.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi mke wangu alinivuta mkono mpaka kwenye kochi. Akaiweka rekodi, besi akaipunguza. Tukasikiliza. Mwalimu anafunua karatasi, unaisikia! Kiatu cha mtu kinalia. Na kabla ya kuanza mstari wake, mke wangu anavuta pumzi moja fupi. Nimeishi naye miaka yote hii, sikuwahi kuijua pumzi ile. Nikamwomba airudishe nyuma. Akacheka, akairudisha.

Akaniambia yeye anaipenda sauti yangu kwa sababu hufika kabla yangu. Akiwa jikoni anaisikia toka njia panda, akajua aweke maji ya chai. Roho yangu kwatu! Nimekunywa chai nikaongeza nyingine.

Halafu nimekaa nikafikiri, nikaelewa kosa lilikuwa wapi. Alhamisi kigeuzi kilisema kweli. Kikapanguswa vumbi Ijumaa, kikachanganyikiwa, kikageuza watu. Ndiyo jina lake! Simlaumu mke wangu. Kesho nampelekea fundi akitulize.

Na hiki cheo, nikikitazama vizuri, kinanifaa. Siku ya tamasha kila maiki itapita mezani kwangu. Ya shemeji nitaipa nguvu inayoistahili, si zaidi. Isitoshe, hakuna aliyesema mkuu wa sauti asiwe na maiki yake mwenyewe, ndogo tu, ya majaribio. Shemeji yule ubeti wa tatu hauwezi bila msaada. Nitaingia mapema kidogo, nimwonyeshe njia.